Jirani na Mashine Yake ya Madirisha

Mtu akiniuliza leo anunue kompyuta ya aina gani kwa ajili ya studio ya nyumbani, namwambia aangalie kwanza nani anakaa upande wa pili wa ukuta. Mengine yote, ukubwa wa memori, wingi wa matundu ya kuchomekea waya, uimara wa betri, ni mambo ya baadaye. Mimi sikuangalia. Nilipanga nyumba Kahama, kwenye mtaa wenye maduka mbele na vyumba nyuma, nikafungua duka la fotokopi upande wa barabarani na studio ya kurekodi muziki chumba cha nyuma. Ndipo nikagundua kwamba ukuta wa chumba kile ni ukuta wa mtu mwingine pia, na kwamba mtu huyo naye anarekodi muziki.

Nitamwita Jirani, maana ndivyo nilivyomwita miaka yote. Watu wengine walimwita Mzee wa Studio. Jina hilo liliniuma tangu siku ya kwanza na linaniuma hata sasa ninapoliandika. Mtaa ulikuwa na studio mbili, lakini mimi niliitwa Baba Pendo wa fotokopi.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa kaunda suti ya kahawia hata jua la mwezi wa kumi. Aliipiga pasi mwenyewe, kila siku, mpaka sehemu ya kukalia ikawa inang'aa. Alisema zamani alikuwa mtunza stoo kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Siku nyingine alisema hapana, hakuwa stoo, alikuwa anapiga santuri kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Ukimuuliza ni ipi kati ya hizo mbili anakwambia zote, halafu anaanza kukueleza alivyorekodi nusu ya Usukuma. Nusu nyingine sijui alimwachia nani. Kwangu hawakuja.

Jirani hakuwa na r. Kwa Wasukuma wengi wa umri wake r na l zinabadilishana viti, lakini kwake r haikuwepo kabisa. Alisema balabala, halusi, kulekodi. Mimi pia ni Msukuma, wa Shinyanga mjini, ila r yangu niliipata shuleni kwa viboko, kwa hiyo nilimsikiliza kwa raha fulani, raha ya mtu ambaye hana raha nyingine. Wasanii walipokaa kwangu wakisubiri umeme, nilikuwa namwigiza. Walicheka. Umeme uliporudi walikunywa maji, wakaaga, wakaenda kurekodi kwake.

Ukimwendea chumbani kwake unaweza kufikiri umeingia ghala la chama cha ushirika. Kuta zote zilikuwa zimepangwa magunia ya pamba, kutoka chini mpaka karibu na bati. Mimi niliagiza sponji maalumu kutoka Dar es Salaam, zile nyeusi zenye vipembe, zikaja na gundi yake, na joto la Kahama likazibandua moja baada ya nyingine. Pamba yake haikwenda popote. Mtu akiimba mle ndani sauti ilikuwa inatua, hairukiruki, na nilipoisikia mara ya kwanza nilirudi kwangu nikazihesabu sponji zilizobaki ukutani.

Katikati ya pamba hiyo kulikuwa na meza, na juu ya meza kioo cha kompyuta kilichogeuka manjano kwa uzee. Lile boksi la mashine lenyewe, ambalo wengi tunaliita sipiyu, halikuwa chumbani. Alilihamishia koridoni, kwenye ukuta unaopakana na wangu, kwa sababu feni yake ilikuwa inapiga kelele na maiki inazisikia, akatoboa ukuta, akapitisha waya, akaziba tundu kwa soksi. Sipiyu ilikaa huko koridoni kwenye kigoda, imefunikwa khanga, na mgeni asiyejua alikuwa anaisalimia kwa heshima akidhani ni bibi mgonjwa. Pembeni kulikuwa na betri ya lori kwa ajili ya siku za umeme kukatika.

Hiyo ilikuwa kompyuta ya madirisha. Ndivyo tulivyoziita mtaani: ya madirisha ni ile ambayo kila mtu anayo, ya tunda ni ile yenye tunda lililong'atwa kwenye kifuniko, na ya bure ni ule mfumo ambao mtu anakuwekea bila kulipia kitu, halafu unalipa kwa akili yako. Jirani alikuwa wa madirisha na hakuwahi kufikiria kingine. Hakuichagua kwa sababu yoyote ya maana. Aliikuta, akaizoea, akaanza kuitetea. Mashine yake haikuwahi kuunganishwa na intaneti hata siku moja, na aliamini kwamba virusi huingia kwenye memori kadi zikiachwa juani. Mvua ikianza alichomoa mausi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa ananishinda.

Mimi nilichagua. Nilisoma, niliuliza, nililinganisha, na kila nilipochagua, Jirani alikuja kuangalia. Alibisha hodi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasimama mbele ya meza yangu mikono nyuma, kama mtu anayeaga mwili.

Ya kwanza ilikuwa laptop ya madirisha. Asubuhi wateja wa fotokopi walichomeka flashi zao, jioni wasanii wakachomeka memori kadi, na haukupita muda mrefu mashine ikawa na virusi vya wilaya nzima. Ukifungua wimbo inakufungulia fomu ya kuomba kazi ya mtu. Jirani aliitazama, akatikisa kichwa.

"Hii inaumwa, ng'wanawane," akasema. Ng'wanawane ni mwanangu, kwa Kisukuma. "Umeilisha ovyo. Mashine ya muziki haili kila kitu."

Ya pili nilishawishiwa na mwalimu mmoja wa kompyuta, aliyekuwa anakuja kutoa fotokopi za mitihani. Akasema weka ile ya bure, haipati virusi. Ni kweli, haikupata virusi. Wala haikupata sauti. Kile kiboksi cha kuingizia maiki nilikichomeka, kikawasha taa ya kijani, na mashine ikaendelea kusema haikioni. Nilikaa nayo majuma, nikaandika amri nilizoelekezwa, herufi kwa herufi, na siku ilipokiona ilikisahau kesho yake. Mwalimu yule akawa anatolea fotokopi duka jingine.

"Ya bule," alisema Jirani akiwa mlangoni. Siku hiyo hata hakuingia ndani.

Ya tatu ilikuwa ya tunda. Niliuza pikipiki kuinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anashusha mizigo kutoka Dar, na mpaka leo sijuti, maana ni mashine nzuri. Ni nyembamba, haina kelele, unaiweka karibu na maiki na maiki haijui kama ipo. Umeme ukikatika yenyewe inaendelea kama haijaambiwa. Niliipangusa na kitambaa cha miwani. Jirani alipokuja aliizunguka meza kwanza. Kisha akafuta kidole kwenye kaunda suti yake, akagusa kile kifuniko taratibu, pale kwenye tunda.

"Nzuli," akasema. "Nzuli sana. Sasa utamlekodi nani?"

Nilimchukia siku hiyo. Sijui kama aliuliza kwa ubaya au aliuliza tu, na kutojua huko ndiko kulikonichosha.

Maana kulikuwa na jambo ambalo sikulifikiria wakati nasoma na kulinganisha. Kutoka Kahama mpaka Geita, kila anayerekodi anarekodi kwa ya madirisha. Programu tunagawana kwenye flashi, midundo tunagawana kwenye flashi, na zote ni za madirisha. Siku moja alikuja kijana mchimbaji kutoka Geita, magamba ya udongo mwekundu kwenye buti, na wimbo wake nusu umeshatengenezwa huko kwao. Alitaka kumalizia sauti tu. Nikachomeka flashi. Ya tunda ikaniambia kwa lugha ya adabu kwamba hicho kitu haikijui. Nilijaribu huku na huku, jasho likinitoka, mwisho nikamwambia wimbo wako una hitilafu, kaka. Akashukuru. Nilikuwa bado nakunja waya nilipousikia wimbo wenyewe, kupitia ukutani, umefunguka, unapiga, na Jirani anaupigia kofi la paja.

Nilikuwa na wivu. Sitafuti neno jingine. Watu husema wivu unachoma, lakini wangu ulikuwa kitu cha kila siku, nilikwenda nao dukani na kurudi nao. Asubuhi nilipofagia mbele ya duka niliangalia kwanza mlango wake, viatu gani vimevuliwa pale. Mabuti ya wachimbaji. Raba za vijana wa mjini. Makubadhi ya manju, wale viongozi wa ngoma zetu, waliotoka Ushetu na vumbi la mashamba ya tumbaku miguuni. Mbele ya mlango wangu kulikuwa na kandambili za mtu anayetaka kulamineti cheti.

Jirani alikuwa na tabia moja ambayo niliiona ni utovu wa adabu. Hakurekodi mtu kwa cheo. Alikuja mwenye duara mmoja, yaani mwenye shimo lake la dhahabu, mtu mzito, amekuja na wapambe, anataka wimbo wa kumsifu aimbe mwenyewe. Kila mtu anamwita Bosi. Jirani akamuuliza, "Jina lako nani?"

"We andika Bosi," yule mtu akasema.

"Mama yako alikuita Bosi?"

Wapambe wakaangalia chini. Yule mtu akacheka, akasema anaitwa Masanja. Jirani akamwita Masanja saa zote alizokaa mle ndani, Masanja sogea, Masanja usiimeze maiki, na mtu yule akaimba kama mtoto. Wanawake nao aliwafanyia hivyo hivyo. Ukifika kwake unaitwa Mama fulani, anakuuliza jina lako mwenyewe, lile la ubatizo au la ukoo, na hilo ndilo atakaloliita. Alisema, "Aliyezaa hayupo kazini saa hizi. Anayeimba ndiye yupo." Niliwahi kumsikia mama mmoja mtu mzima akilalamika kuhusu jambo hilo dukani kwangu, kwamba mzee yule hana heshima, amemwita jina ambalo hajaitwa tangu aolewe. Alilalamika huku anatabasamu.

Na alikuwa mwongo. Huo ndio uliokuwa ufundi wake mkubwa, wala hakuwa na mwingine. Msanii akikaa mbele ya maiki, Jirani anamwambia, "Bado, mashine inapata moto kwanza. Imba tu tujalibu." Msanii anaimba hivi hivi, amekaa vibaya, anakohoa, anacheka katikati, na kumbe mashine inarekodi tangu alipovuka mlango. Halafu anajidai kuwasha, anaandaa, anahesabu, msanii anakaza shingo na kuimba kwa woga. Ile ya pili anaifuta. Ile ya kwanza ndiyo unayoisikia kwenye simu za watu mnadani. Nilipoujua ujanja huo niliujaribu. Nikamwambia msichana mmoja, bado hatujaanza, imba tu. Akanitazama usoni, akaniuliza, "Sasa mbona unatetemeka?"

Lakini mtu huyo huyo aliyekuwa akisema mashine si kitu, hakumruhusu yeyote aguse kibodi chake. Alisema hana haraka, na akamfukuza mwimbaji wa kwaya kwa sababu alikuja anatafuna bigijii. Alikuwa bahili wa umeme mpaka anazima taa mtu akiwa bado anavaa viatu, ilhali uani kwake kulikuwa na bomba la maji ambalo mtaa mzima ulichota bila kuulizwa. Mke wake alikwisha kufariki, binti yake alikuwa ameolewa Geita, na pale bombani ndipo alipopata watu wa kuongea nao. Mama Pendo alikuwa anachota huko. Alikwenda na ndoo asubuhi baada ya mimi kufungua duka na siku nyingine alikawia. Nilijua foleni ni ndefu.

Sasa nimseme Mama Pendo, mke wangu, kwa sababu bila yeye nisingeandika habari za mtu yule hata ukurasa mmoja.

Nilimwona mara ya kwanza Kolandoto, kwenye kwaya. Alisimama mstari wa nyuma na alikuwa haonekani vizuri, lakini ilipofika sehemu ya sauti ya pili niligeuza shingo kutafuta ni nani huyo. Nilipomwoa nilimwambia nitafungua studio na wa kwanza kurekodi atakuwa yeye. Nilikuwa nasema kweli. Kitu nilichokitaka kwenye studio ile, kuliko jina na kuliko wateja, ni sauti ya mke wangu, niwe nayo, niiweke vizuri, watu waisikie na wajue imetoka kwangu. Ila nilitaka niifanye inavyostahili. Nilipokuwa na laptop yenye virusi nikamwambia ngoja, hii itakuharibia. Nilipokuwa na ya bure nikamwambia ngoja kidogo. Ya tunda ilipokuja nikamwambia bado maiki, maiki niliyo nayo haiendani nayo. Kila mara alinijibu, "Sawa, Baba Pendo," na akaendelea na aliyokuwa anayafanya. Baadaye nikawa simsikii tena akiimba hata jikoni. Nikadhani ni umri.

Wakati huo huo, nikikaa na mashine yangu isiyo na kelele, nilikuwa namsikia Jirani ukutani. Pamba ilizuia muziki, nyimbo zilinifikia mdundo tu, lakini sauti yake yeye ilipita kwenye lile tundu la soksi kama iko chumbani kwangu. "Ludia," alikuwa anasema. "Ludia, taratibu." Hapana, alisema talatibu. "Ludia, hapo hapo. Ludia, mayu, vizuli sana." Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Nami nikacheka. Rudia, rudia, mzee anawarudisha watu asubuhi nzima kwa sababu mashine yake mbovu haiwezi kunyoosha sauti. Nikawa nawatangazia wateja wangu: hapa kwangu hurudii, unaimba mara moja, mengine inamaliza ya tunda. Niliandika hata kibao, nikakibandika mlangoni: HAPA HURUDII.

Kibao hicho kilikaa pale muda mrefu.

Halafu akaja mwanamke mmoja muuza vitenge, anataka kurekodi wimbo wa harusi ya mdogo wake. Akatoa simu. "Nataka itoke kama hii," akasema, akapiga wimbo. Nikavaa uso wa kitaalamu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, chini kidogo, isiyojitangaza, na nyuma yake gitaa moja na kitu kama ndoo inapigwa kwa vidole. Nikaijua pamba ile mara moja. Nikasema hii ni kazi ya hapo jirani, sauti imekaa vizuri, ila huyu mwimbaji si wa hapa. Huyu ni wa Mwanza, nikasema, au Musoma. Unasikia anavyovuta maneno?

"Wa hapa hapa huyu," yule mwanamke akasema. "Anaitwa Ludia."

Nikamwambia Ludia si jina, mzee ndiyo anavyosema rudia.

Akanitazama kama mtu anayetazama fotokopi iliyotoka nyeusi tupu. "Ludia ni jina," akasema. "La kwenye Biblia. Wengine wanasema Lidia. Huyu ana mtoto anaitwa Pendo."

Naomba msomaji anielewe. Huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini. Mama mkwe anamwita Mama Pendo, kanisani Mama Pendo, kadi ya michango Mama Pendo. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo tangu mtoto ana wiki moja. Nilijua anaitwa Ludia kama ninavyojua namba ya kitambulisho changu, yaani nikiulizwa nitaitafuta. Na nilikuwa nimelisikia kila asubuhi, ukutani, likiitwa vizuri na mzee asiye na r, nikalicheka na kulibandikia kibao.

Nilifunga duka. Mama Pendo alikuwa uani anaanika nguo.

"Ludia," nikasema.

Akageuka haraka, na uso aliogeuka nao nilikuwa sijawahi kuuona nyumbani. Aliponiona ni mimi uso ukarudi wa kawaida. Hapo ndipo wivu wenyewe uliponishika, ule mwingine wa viatu na wateja ulikuwa utani.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Unarekodi kwa yule mzee."

"Ndiyo."

"Tangu lini unanificha?"

"Sijakuficha, Baba Pendo. Nilikuwa naenda na ndoo mbele ya macho yako, narudi nayo. Hujauliza." Akabana shati langu kwenye kamba. "Na ukuta ni huo huo mmoja."

Nikaenda kwa Jirani hivyo hivyo, bila hata shikamoo, na nadhani ndiyo mara pekee. Alikuwa ameketi koridoni pembeni ya sipiyu yake yenye khanga, anakula karanga. Nikamuuliza kwa nini amemchukua mke wangu. Hakusimama.

"Alikuja kuchota maji," akasema. "Akawa anaimba foleni ikisubili. Nikamwambia ingia, mashine inapata moto, imba tu tujalibu."

"Ungeniambia."

"Nilidhani unasikia. Nilikuwa namwita kwa sauti." Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Siku zote nilikuwa nasema, huyu bwana mstaalabu. Anasikia mke wake analekodi kwa mtu mwingine, amenyamaza."

Nikamwambia nataka hizo nyimbo. Akasema si zake, ni za Ludia, nikamwombe Ludia. Mama Pendo naye akasema nikizitaka nizisikilize, hakuna aliyenizuia, ila ziko kwenye ya madirisha na ya tunda haizifungui, kwa hiyo nikae kwa Jirani, kwenye pamba, nizisikilize huko. Sikwenda. Nilijiambia nina kazi. Nilikibandua kibao, nikakaa na mashine yangu nzuri miezi na miezi, na ukutani akaendelea kuitwa. Nilivaa hedifoni ambazo hazijachomekwa popote.

Kisha masikio ya Jirani yakaanza kumwacha. Akawa anaweka sauti ya spika juu mpaka mtaa mzima unajua nani kakosea wapi, mwisho binti yake akaja na gari akambeba, yeye na kioo chake cha manjano na sipiyu yake, akampeleka Geita akakae naye. Magunia ya pamba yaliuzwa. Chumba kile sasa anakaa fundi cherehani na kupitia lile tundu nasikia tu mashine yake inashona. Wateja niliwapata. Baadhi ya makubadhi yale ya Ushetu sasa yanavuliwa kwangu. Ajabu ni kwamba sikufurahi kama nilivyopanga kufurahi.

Mwaka huu Mama Pendo akaniambia anakwenda Geita kumwona baba, hali yake si nzuri. Alisema baba, si Jirani. "Ukitaka kuzisikia twende," akasema. "Akiondoka yeye, hiyo mashine haitawaka tena kwa mtu mwingine."

Nikaenda.

Nyumba ya binti iko kwenye mteremko, na ukikaa barazani unaona kilima cha mbele kimechimbwachimbwa. Jirani alikuwa kwenye kochi, ndani ya kaunda suti, amekonda mpaka shingo inacheza kwenye kola. Nikampa shikamoo kwa sauti. Aligeuza sikio la kulia, ndilo lililobaki.

"Malahaba. Ni yule wa tunda?"

"Ndiye, mzee."

"Bado nzima?"

"Nzima kabisa."

"Nzuli ile," akasema, kwa heshima. "Ile nilikuwa naitamani sana."

Sikutegemea hilo, na kwa muda kidogo nilikaa nikiwa nimefurahi vibaya, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake. Mama Pendo akawasha sipiyu, mwenyewe, kibodi anakigusa bila kuulizwa, akafungua, akanipa hedifoni. Halafu akatoka uani kumsaidia binti kuchambua mchicha. Nilikuwa nawasikia wakicheka kabla sijafunika masikio.

Nikasikiliza. Kulikuwa na wimbo wa moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku kule kwa shangazi yake Ushetu. Kulikuwa na wimbo wa wanawake bombani, kila mmoja na ndoo yake na tabia yake, nikawatambua wote na nikacheka peke yangu. Kulikuwa na wimbo wa Pendo na jino lake la kwanza. Sauti ilikuwa pale pale nilipogeuzia shingo Kolandoto, ila imekaa chini zaidi, imetulia, na hakuna mahali popote ilipohitaji kunyooshwa. Nilikuwa nasikiliza kama fundi na nilikuwa nasikiliza kama mume, na yule mume alikuwa anamsukuma fundi pembeni, anatafuta. Nilijiandaa kutukanwa. Nilijiandaa kwa wimbo wa mwanamume mwenye mashine tatu. Ningeupokea. Wimbo ulikwisha, ukaja mwingine, sikutukanwa. Sikutajwa.

Wa mwisho ulikuwa wa barabara ya Kolandoto. Nikajua sasa nafika. Anaimba msichana anatembea kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, viatu ameshika mkononi visichafuke, mvua imenyesha, mwalimu wa kwaya anasubiri amenuna. Anaingia. Anajipanga mstari wa nyuma. Wanapewa noti. Mlango wa kanisa uko wazi, na watu wanaanza kukaa kwenye viti, na mimi nilikuwa mmoja wa watu hao, kiti cha tatu upande wa kushoto. Anavuta pumzi aimbe. Hapo gitaa likanyamaza. Wimbo ukaishia hapo, kabla sijageuza shingo.

Nikavua hedifoni. Mama Pendo alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa, na Jirani alikuwa ameinama kwa lile sikio zima.

"Je?" Mama Pendo akauliza.

Walikuwa wananiangalia wote wawili. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema na yote yalikuwa ya kweli.

"Besi imezidi kidogo," nikasema.

Mama Pendo akamgeukia Jirani. "Si nilikwambia ndivyo atakavyosema, baba?"

Jirani akacheka. Alicheka mpaka akakohoa na binti yake akaja na maji, na Mama Pendo akacheka naye, bila ubaya, wakati anampigapiga mgongo. Waliniacha nikae. Alipotulia nilimwomba mke wangu auweke tena ule wa mwisho. Akauweka, akarudi kwenye mchicha wake. Nikavaa hedifoni, nikaifuata barabara ile toka mwanzo, na matope yake, nikisubiri nifike.